Bia Mbili, Kisha Giza

SWALI: Dada muuguzi, habari. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nilikunywa bia mbili tu kwenye baa moja hapa Nairobi, na wasichana wawili tuliojuana hapo hapo. Niliamka saa nne asubuhi kwenye ngazi za jengo nisilolijua, simu hakuna, na M-Pesa imekombwa yote. Mke wangu anasema nililewa tu. Je, niliwekewa mchele, yaani dawa ya kulewesha kwenye kinywaji? – Msomaji, Kayole

JIBU: Pole sana, kaka. Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi nikakupigia papo hapo. Haya ninawaandikia na wenzako.

Ndiyo, dalili zote ni za mchele. Mara nyingi huwa ni vidonge vya usingizi vilivyosagwa, na uchungu wa bia huvificha. Vikikutana na pombe, pumzi hupungua, na hapo ndipo watu hufia. Katika zamu zangu za usiku nimewapokea wengi. Mmoja alikuwa na soksi mguu mmoja, vifungo vya shati vimepishana, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Sista, usimpigie mke wangu." Aibu hiyo huwacheleweshea matibabu.

Nilikuhimiza uende hospitali siku ile ile kwa sababu dawa nyingine hutoka kwenye mkojo ndani ya saa 12 hivi, nyingine hukaa siku kadhaa. Tena, anayehisi huenda aliingiliwa akiwa hajitambui, mwanamume kwa mwanamke, aseme bila kuficha: dawa za kuzuia VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Polisi nao wakupe namba ya OB (kitabu cha matukio kituoni) na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza alichokuta mwilini mwako.

Ukirudi baa, chupa ifunguliwe mbele yako. Ukienda msalani, hiyo uliyoiacha usiiguse tena. Ukilipa, ficha PIN kwa kiganja. Wenye kazi hii huanza kwa kuchungulia vidole.

Na mwenzako akilegea ghafla kwa kinywaji kidogo, msimwache "alale kidogo". Mlazeni ubavu, msimnyweshe maziwa wala kumtapisha, pigeni 999 au 112.

Mama watoto, kama unasoma: mnywaji wa miaka yote hazimwi kwa saa 12 nzima na chupa mbili. Mkorogee uji, kisha uandamane naye kituoni.