Injini ya shafti kwenye fremu ya mnyororo: itaingia?

SWALI: Fundi, salamu na pole kwa kazi. Nina pikipiki ya Suzuki GS850G ya mwaka 1980, ya shafti, yaani nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa mhimili wa chuma badala ya mnyororo. Injini ni nzima, ila fremu imeliwa na kutu chini ya betri mpaka kidole kinapita. Nimepata fremu safi ya GS750, ya mnyororo, pamoja na mkono wake wa nyuma na gurudumu. Zote ni Suzuki, zote silinda nne, na kwa macho zinafanana. Nikihamishia injini yangu humo, kazi ni kuchomelea vishikio vichache tu, au kuna kitu nisichokiona?

JIBU: Ndugu yangu, fremu hiyo usiinunue kwa kazi hii. Vishikio vya injini havinipi wasiwasi, fundi mwenye mkono mzuri atavitengeneza. Tatizo liko nyuma ya injini, pale mkono unaobeba gurudumu unapoungana na fremu.

Anza na GS750. Kranki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala kukingama pikipiki, na shafti za giaboksi zimelala hivyohivyo, kwa hiyo sproketi (gia ya mnyororo) inazunguka upande uleule ambao gurudumu linazunguka. Mnyororo unabeba nguvu moja kwa moja. GS850G nayo kranki yake imekingama, lakini shafti ya kwenda nyuma imelala kwa urefu wa pikipiki. Nguvu inalazimika kukata kona ya digrii 90 mara mbili: kwanza kwenye gia za pembe zilizo nyuma ya giaboksi, kisha kwenye difu, sanduku la gia lililo pembeni mwa gurudumu. (BMW na Moto Guzzi za zamani wana nafuu hapa. Kranki zao zimelala kwa urefu, kona ni moja tu.)

Sasa tazama krosi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda gurudumu linapopanda na kushuka. Krosi lazima ikae sawasawa kwenye mstari ambao mkono wa nyuma unazungukia. Ikikaa mbele au nyuma ya mstari huo, shafti italazimika kurefuka na kufupika kila unapopita kwenye shimo. Kwenye fremu ya mnyororo, mstari huohuo una bolti moja ndefu inayopenya kutoka bamba la fremu la kulia hadi la kushoto. Bolti na krosi haziwezi kukaa mahali pamoja. Ndiyo maana fremu za shafti za aina hii zina bolti mbili fupi, moja kila upande, zinazoshikilia mkono kwa beringi za koni na kuacha nafasi ya krosi kupumua.

Najua utakalouliza: kwa nini nisibadilishe mabamba hayo? Ni kwa sababu hayo ndiyo yanayobeba msukumo wote wa gurudumu la nyuma. Ukiyakata na kuyachomelea upya, moto wa kuchomelea unapinda chuma, na hapo unahitaji matundu mawili yanayotazamana bila kosa. Kosa la milimita chache hulioni ukiwa umesimama. Utalisikia barabarani, krosi ikila beringi zake na pikipiki ikivuta upande mmoja. Mimi kazi hiyo siipokei, hata mteja akinisihi.

Njia ya kinyume, yaani kuigeuza injini yako iwe ya mnyororo, ni ngumu vilevile. Nyumba ya giaboksi ya GS850G haikuundwa kutoa ekseli ya kufungia sproketi. Tena gurudumu la mnyororo lina raba ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) za kumeza mshtuko unapofungua mafuta ghafla, ilhali la shafti lina meno yanayoingia kwenye difu. Magurudumu hayo hayabadilishani.

Hata kiwandani jambo hili liliwasumbua. Honda walipotaka CB900 ya shafti, injini waliyokuwa nayo ni ya CB900F, ya mnyororo. Walilazimika kuongeza giaboksi ya pili ya kuhamisha nguvu hadi kwenye shafti, wakaipa kasi mbili, na CB900C ikatoka na gia 10 juu ya fremu ndefu zaidi. Hao ni wahandisi wenye karakana nzima.

Kwa hiyo tafuta fremu ya GS850G nyingine, au ya ndugu yake wa karibu, GS1000G iliyotoka 1980, ambayo nayo ni ya shafti. Ukiipata hiyo ya pili, nenda na futi, pima vishikio vya injini na upana kati ya mabamba kabla ya kutoa pesa. Kama moyo wako umeshaipenda ile GS750, itafutie injini yake ya mnyororo na uijenge kivyake.

Siku ya kuhamisha, chukua injini, krosi, shafti, mkono, difu na gurudumu kama kitu kimoja. Zimezoeana. Meno ya habu yapake grisi, maana yakikauka yanalika hadi yanakuwa makali kama msumeno. Na usisahau kwamba oili ya injini haifiki kwenye gia za pembe wala kwenye difu: kila moja ina oili yake nzito ya gia na kifuniko chake cha kujazia.

Namba ya fremu ndiyo utambulisho wa pikipiki kwenye kadi katika nchi nyingi, kwa hiyo ulizia ofisi ya usajili kwanza.

Lakini kabla ya yote, toa betri, kwangua kutu, na ugonge chuma kwa nyundo ndogo ukielekea kwenye mabamba ya mkono wa nyuma. Asidi ya betri mara nyingi huanza na kikalio cha bati kilicho chini yake. Kama ni hicho tu kilichotoboka na mabomba ya fremu yanalia kwa sauti ngumu, huhitaji fremu nyingine: kata bati lililooza, chomelea jipya, paka rangi. Bomba likitoa sauti ya debe bovu karibu na mabamba, hapo ndipo uanze kutafuta fremu.