Ng'ombe chotara anahema mchana na maziwa yanapungua: ni homa au ni joto?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga Mvumi, wilaya ya Chamwino. Nina ng'ombe chotara wa Friziani, uzao wa pili. Tangu joto la Oktoba lianze, ikifika saa nane mchana anahema kwa nguvu, mate yanamtiririka na majani anayaacha. Maziwa yameshuka kutoka lita 12 hadi 7. Nilimpima nikapata nyuzi 39.8, jirani akasema ni homa, nimchome sindano. Lakini ng'ombe wake wa kienyeji wanashinda juani, na mbuzi wangu wanakunywa maji mara moja tu kwa siku, wote wazima. Kwa nini ni huyu mmoja tu?

JIBU: Marahaba. Sindano iweke kando kwanza. Mpime tena alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ng'ombe mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39.3 hivi. Akisoma 38.5 alfajiri na 39.8 saa nane mchana, huyo hana homa, amezidiwa na joto. Kama alfajiri bado yuko juu ya 39.5, hapo ndipo utafute ugonjwa. Papasa tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, fikiria ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na mwite mtaalamu siku hiyohiyo, maana ndigana haisubiri kesho.

Hali hizi mbili zinafanana kwenye kipimajoto tu. Kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo kila wakati inapima joto la damu na kulilinganisha na kiwango inachokitaka. Kwenye homa, kemikali zinazotokana na kinga ya mwili hukipandisha kiwango chenyewe. Mwili unataka kufika 40, ndiyo maana mnyama mwenye homa inayopanda hutetemeka na manyoya kumsimama hata kama kuna jua. Dawa ya kushusha homa huzuia kemikali hizo. Kwa ng'ombe wako kiwango hakijaguswa: ubongo unataka 38.6 na mwili umeshindwa kubaki hapo. Dawa ya homa haina cha kurekebisha. Antibayotiki ndiyo kabisa, utalipa pesa, kisha utamwaga maziwa mpaka siku za katazo la dawa ziishe.

Sasa hilo joto linatoka wapi? Jua ni sehemu tu. Nyingi ya hesabu iko ndani. Vijidudu vya tumboni vinavyochachusha majani huzalisha joto, na kiwele kinachotengeneza lita 12 kinafanya kazi kubwa usiku na mchana. Ng'ombe wa jirani anayetoa lita moja au mbili anabeba moto mdogo sana tumboni mwake. Ana pia ngozi iliyolegea yenye eneo kubwa, manyoya mafupi yanayong'aa, na tezi za jasho kubwa zaidi na nyingi zaidi kuliko za Friziani. (Nundu, ambayo wengi hudhani ni ghala la maji, ni misuli na mafuta.) Kwa hiyo jua lilelile linawakuta wanyama wawili wenye mizigo tofauti.

Hewa ikiwa baridi, mwili hutoa joto kwa kuelekeza damu nyingi kwenye ngozi, nalo joto likaondoka na upepo. Hewa inapokaribia joto la ngozi, njia hiyo inaziba. Inabaki moja: kukausha maji, kwa jasho na kwa kuhema, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kuvuja kidogokidogo. Lita moja ya jasho ikikauka kwenye ngozi huondoka na kilojuli kama 2,400, joto linalotosha kuchemsha karibu lita 7 za maji ya kawaida. Hewa yetu ya Dodoma ni kavu, jasho linakauka upesi, na hiyo ni bahati ambayo mfugaji wa Tanga au Dar es Salaam hana. Lakini kila lita inayokauka lazima irudishwe kwenye ndoo, na hapo ndipo wengi wetu tunawaangusha ng'ombe wetu. Wa maziwa kama huyu anaweza kuhitaji lita 60 hadi 100 kwa siku za joto. Ukimnywesha asubuhi na jioni tu, mchana unamkuta hana cha kukausha.

Kuhema nako kuna gharama. Anapohema anapoteza kabonidayoksaidi nyingi, na damu inaegemea upande wa alkali. Figo zinarekebisha kwa kutupa bikaboneti kwenye mkojo. Wakati huohuo mate, ambayo ndiyo yangepeleka bikaboneti tumboni kupunguza asidi, yanadondoka chini. Matokeo yake mwili unazuia damu isipate joto kupita kiasi, lakini tumbo linabaki na asidi. Ukimpa pumba nyingi katika hali hiyo ukidhani unarudisha maziwa, unamwongezea balaa. Kuku nao wana shida ya aina hii: hawana jasho kabisa, wanahema tu, na ndiyo maana mayai ya msimu wa joto huwa na maganda mepesi.

Hapa ndipo ningependa ulielewe swali lako kwa namna nyingine. Kuacha majani na kushuka kwa maziwa si hitilafu iliyomwingia. Ni mwili wake unaofanya kazi sawasawa. Akila kidogo, tumbo linachachusha kidogo. Joto likiendelea kwa siku kadhaa, homoni za thairoidi nazo hushuka na mwili mzima unapunguza kasi. Kati ya vitu vyote, joto la damu na chumvi zake haviachiwi kuyumba, kwa kuwa vikiyumba mnyama anakufa. Maziwa yanaweza kusubiri. Mimba nayo inaweza kusubiri, ndiyo maana ng'ombe wengi waliopandishwa kipindi hiki hawashiki.

Mbuzi wako wamechukua njia ya kubana matumizi. Mwili ukipungukiwa maji, ubongo hutoa homoni ya kuzuia mkojo, figo zinarudisha maji kwenye damu na mkojo unatoka mchache na mzito. Kinyesi chao kinatoka kikavu, punje punje. Na wanapofika kisimani wakanywa kwa pupa, tumbo kubwa huyahifadhi yale maji na kuyaachia yaingie kwenye damu polepole. Ndama hawana kinga hiyo bado. Ndama aliyeshinda na kiu akiachiwa ndoo nzima anaweza kukojoa mkojo mwekundu, kwa sababu chembe za damu zimevimba na kupasuka. Mpe kidogokidogo.

Kwa ng'ombe wako, anza na maji: yawepo mbele yake muda wote, kivulini. Chakula kikubwa, pamoja na mashudu, kisogeze jioni na usiku. Joto la uchachushaji hufikia kilele saa chache baada ya kula, na usiku wetu, kwenye mwinuko huu wa Dodoma, ni wa baridi ya kutosha kulichukua. Banda liwe refu kwenda juu na wazi pande zote. Bati lililo karibu na mgongo ni jiko la pili, liwekee nyasi juu. Jiwe la chumvi lisikosekane. Na unapofikiria kumpandisha tena, mimi nisingeongeza damu ya Friziani kwa mazingira ya Mvumi bila maji ya uhakika. Angalia ng'ombe aina ya Mpwapwa, waliozalishwa hukuhuku mkoani kwetu kwa kuchanganya zebu wa kienyeji na Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wenye asili ya Bara Hindi, pamoja na damu kidogo ya Ulaya. Maziwa ni machache zaidi, lakini Novemba hawakusumbui hivi.

Siku ukimkuta amefika 41, ulimi nje, anayumba, usimsubiri mtu. Mwondoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote ulichonacho, mwagia tena. Maji yasiyopepewa yanabaki kwenye manyoya bila kukauka. Acha ukiona amerudi 39.5, kisha nipigie.