Simu za ofisi baada ya saa za kazi: pangeni zamu kwanza, mfumo baadaye

Mkuu, umesema ofisi yenu ni ya uwakala wa forodha hapo Kurasini, mna ekstensheni (simu za ndani) nane kwenye FreePBX, mfumo wa kuendesha simu za ofisi kwa kompyuta, na ikishapita saa kumi na moja jioni simu za wateja zinaita mapokezi mpaka zinakatika. Bosi ameagiza zote ziende kwenye simu yake ya mkononi. Kazi yangu ni kufunga na kutunza mifumo hii kwenye maofisi ya hapa Dar, na ningekuomba umsihi asubiri kidogo mpaka mkae muandike majina ya watu wa zamu.

Kuhamisha simu ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko kwa yule anayetakiwa kuipokea. Bosi akiwa msibani, au simu imeisha chaji akiwa kwenye foleni ya Mbagala, mteja anaishia kusikia sauti ya mtandao ikimwambia namba anayopiga haipatikani. Wateja wenu wa usiku hawapigi kusalimia: ni dereva aliyezuiwa Tunduma kwa karatasi moja, au mwenye mzigo anayehesabu gharama za kontena kukaa bandarini. Kwa hiyo andikeni: nani anapokea wiki hii, asipopokea anafuata nani, na wote wawili wakikosekana ujumbe unamfikia nani asubuhi. Bosi awe wa pili au wa tatu kwenye mlolongo, asiwe yeye peke yake.

Tukija kwenye saa zenyewe. Mfumo unahesabu kwa saa 24, hivyo saa mbili asubuhi unaandika 08:00 na saa kumi na moja jioni 17:00. Hakikisha pia seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, iko kwenye majira ya Africa/Dar_es_Salaam. Seva nyingi za kukodi nje huja na majira ya UTC, saa ya rejea ya dunia, yaliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ukiiacha hivyo ofisi yako "itafunguliwa" saa tano asubuhi. Na kwa biashara yenu nisingefunga saa kumi na moja kamili. Lubumbashi na Lusaka wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwenu kumi na moja ikigonga, kwao ni saa kumi na bado wako mezani. Mtu mmoja abaki na simu za mchana mpaka saa kumi na mbili.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Simu ikielekezwa kwenye namba ya mkononi, mfumo hauwezi kutofautisha binadamu aliyepokea na kisanduku cha ujumbe cha mtandao wa simu. Chochote kitakachopokea, mfumo unahesabu kazi imekwisha, na mtu wa pili kwenye zamu haitwi kamwe. Dawa iko kwenye Ring Groups (makundi ya namba za kuitwa), kipengele cha Confirm Calls: aliyepokea anaambiwa abonyeze 1 ndipo aunganishwe na mteja. Asipobonyeza, simu inaendelea na safari. Ila zingatia, kipengele hiki kinafanya kazi kwenye mtindo wa ringall tu, ule wa kuita wote kwa pamoja. Ukichagua mtindo wa kuita mmoja baada ya mwingine, hakikusaidii. Ninachofanya mimi ni kutengeneza kundi la mtu mmoja mmoja: kundi la kwanza lina namba ya mwenye zamu, na hatima yake asipopokea ni kundi la pili, nalo hatima yake ni ujumbe wa sauti. Namba ya nje uimalizie na alama ya #, na muda wa kuita uwe sekunde 20 hadi 25 kwa kila mmoja.

Kundi la mtu mmoja lina faida nyingine. Simu inayoingia na kutoka tena kwenda mkononi inakula chaneli mbili za laini yenu, yaani nafasi mbili za mazungumzo kwa wakati mmoja. Kama mmelipia chaneli mbili tu, mteja wa pili usiku huohuo atakuta laini imejaa. Ukiita watu watatu kwa mpigo, chaneli nne zinatumika kwa mteja mmoja. Kipande cha kutoka mnakilipia ninyi, basi salio lisiachwe likaisha Ijumaa jioni.

Ujumbe wa sauti urekodiwe kwa Kiswahili kwanza, hata Lubumbashi wanakielewa, na uwe mfupi: ofisi imefungwa, taja jina, namba ya kontena na namba ya kukupigia. Atakachoacha mteja kitumwe kwa baruapepe ya idara, kisiende kwa mtu mmoja anayeweza kuwa likizo.

Kuna usalama pia, na hapa sina mzaha kabisa. Wezi wa huduma za simu hupenda usiku na wikendi, wakijua hakuna anayetazama. Wakipata nywila dhaifu ya ekstensheni wanapiga simu za kimataifa mpaka asubuhi kwa bili yenu. Njia ya simu za kimataifa iwe wazi saa za kazi tu.

Umeme: seva ikiwa ofisini na TANESCO wakikata, mpangilio wote huu unazimika nao. Mwombe mtoa huduma wa laini aweke namba ya akiba upande wake, itakayotumika seva yenu isipopatikana.

Sikukuu zenye tarehe, kama Aprili 26, Saba Saba au Desemba 9, ziingize zote mapema. Idi inategemea mwezi, kwa hiyo mpe dada wa mapokezi swichi ya mkono: tengeneza Call Flow Control, halafu yeye anapiga *28 na namba ya swichi, na ofisi inaingia usiku bila kukusubiri wewe.

Ukishaweka, jaribu kwa simu ya nje huku ya mwenye zamu imezimwa kabisa. Isipomfikia mtu wa pili, weka hapa logi (kumbukumbu ya mfumo) ya simu hiyo moja, namba za wateja ukiwa umezifuta, tuiangalie pamoja.