Kupanga mzunguko wa Korogwe, Soni na Bumbuli kwa baiskeli: maneno kwa wanaoanza

Sisi tuliokulia Tanga mjini tulipanda baiskeli kabla hatujajua kusoma vizuri, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza tunapokwenda kwenye milima ya Usambara. Mji wetu umelala tambarare kando ya bahari; mtu anaweza kuzunguka kati ya Raskazone na Mikanjuni kwa miaka 20 bila kulazimika kujiuliza nguvu zake zinaishia wapi. Ndiyo maana mimi huwapokea vijana wenye mapafu mazuri na baiskeli nzuri ambao, wakiambiwa kuwa safari ni ya kilomita 130, hugawanya kwa 20 na kusema kwamba watatumia muda wa saa 6 na nusu. Nami niligawanya hivyo hivyo mara ya kwanza. Usiku ulinikuta juu ya mlima bila taa, nikalala sebuleni kwa mzee mmoja aliyenionea huruma, ambaye asubuhi aliniuliza kwa upole kama kule pwani hatuna ramani.

Mzunguko wenyewe unaanzia Korogwe, unafuata barabara kuu ya kwenda Moshi hadi Mombo kwa takriban kilomita 40, kisha unapinda kulia na kuupanda mlima kwa lami hadi Soni, ambayo iko karibu nusu ya njia ya Mombo kwenda Lushoto. Kutoka Soni unaiacha njia ya Lushoto na kushika barabara ya Bumbuli na Dindira, yenye urefu wa takriban kilomita 74, inayokurudisha Korogwe. Barabara hiyo ya mwisho nimeijua kama barabara ya vumbi, na kabla ya safari yoyote ni lazima umuulize dereva aliyeipita wiki hiyo, kwa sababu mvua ya siku mbili inaweza kuibadilisha kabisa.

Hesabu ya muda ifanywe kwa vipande, si kwa jumla. Kipande cha Korogwe hadi Mombo ni tambarare, na kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa kitakula muda wa saa 1 na dakika 50. Kupanda hadi Soni, kwa mwendo wa kilomita 8 au 9, ni saa 2. Kilomita 74 za vilima vya vumbi, kwa kilomita 12 hivi kwa saa, ni zaidi ya saa 6. Ongeza saa 1 na nusu ya kula, kujaza maji na kuziba pancha, nawe umefika zaidi ya saa 11. Ukiondoka Korogwe saa 12 asubuhi, utarudi baada ya saa 11 jioni. Na kwa kuwa jua huku huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro, akiba yako haizidi saa moja na ushee. Ukichelewa kuamka kwa saa moja, akiba yote imekwisha kabla hujakanyaga pedali.

Jambo ambalo wageni hulipuuza kuliko yote ni upande wa kuzungukia. Mwanzoni nilidhani kwamba busara ni kupanda kwa upande wa Dindira na kushuka kwa lami ya Soni, kwa sababu kushuka kwa lami ni raha na tairi nyembamba hazipati taabu. Hoja hiyo ina nguvu, na wapo wenzangu wanaoishikilia hadi leo. Lakini itazame safari kuanzia mwisho wake: ukishuka Mombo alasiri, umebakiwa na kilomita 40 za barabara kuu, ambayo mabasi ya Arusha na malori ya mizigo yanaikimbilia, nawe umechoka na huwezi tena kushika mstari wako ulionyooka. Zaidi ya hapo, kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba kuna upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki, na barabara ya Mombo kwenda Korogwe inaelekea huko huko upepo unakotoka. Bonde lile huwa na joto kali mchana, na mashamba ya mkonge hayatoi kivuli cha maana. Ukizunguka upande ninaoupendelea, kusi inakusukuma mgongoni alfajiri wakati barabara bado ina utulivu, mlima unaupanda kabla jua halijakuwa kali, na uchovu wako unaumalizia kwenye njia za vijijini ambako anayekupita ni bodaboda anayekusalimia. Gharama yake ni kushuka kwa vumbi mwishoni, na gharama hiyo hulipwa kwa tairi zenye upana wa milimita 35 au zaidi, na kwa subira.

Kuhusu mwinuko, msidanganywe na wastani. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na Lushoto iko karibu mita 1,400. Ukigawa tofauti hiyo kwa kilomita 33 unapata wastani wa asilimia 3, jambo linalosikika kama mchezo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kupanda iko chini ya Soni. Ramani za simu zinazoonyesha mistari ya mwinuko zitakusaidia ukizikagua kilomita moja baada ya nyingine: kilomita 5 zenye wastani wa asilimia 4 zinaweza kuwa kilomita 2 za tambarare na 3 zenye karibu asilimia 7, na miguu yako haitatozwa wastani, itatozwa zile 3.

Hapo ndipo suala la gia linapoingia. Ukiwa na sproketi ya mbele yenye meno 39 na ya nyuma kubwa yenye meno 25, ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika utakwenda karibu kilomita 14 kwa saa, mwendo ambao wachache wetu tunaweza kuuhimili mlimani. Kwa hiyo utazungusha polepole kwa nguvu, na magoti yatakulaani. Kwa meno 34 mbele na 32 nyuma, mizunguko ile ile inakupa kilomita 9 hivi. Fundi anayebadilisha kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, bila kupima urefu wa cheni mwambieni aanze upya. Wapo wanaoupanda mlima huu kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia, nami nawavulia kofia, lakini wao husukuma kwa miguu bila aibu, na nanyi msione aibu.

Kushuka kuna elimu yake. Breki za kubana rimu zikishikwa mfululizo hupata moto, na rimu ikichemka sana tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Shika kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, achia, kisha shika tena. Na raba za breki zibadilishwe kabla ya safari, si baada yake. Kona zisizoonyesha mbele zichukuliwe kana kwamba kuna ng'ombe nyuma yake, maana mara nyingi yupo.

Kula kidogo kidogo kila baada ya dakika 40, kabla njaa haijauma: ndizi, tende, viazi vitamu vya kuchemsha, kashata. Maji nusu lita kwa saa ndiyo kiwango cha chini, na bondeni yaongezwe. Koti jepesi la mvua libebwe hata Januari, kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia ya Bumbuli iacheni.

Wekeni pia saa ya kugeuka, na muiheshimu. Yangu ni saa 5 asubuhi pale Soni: asiyefika kwa muda huo anakunywa chai, anatazama maporomoko, na anarudi Mombo kwa lami akapande basi. Ukishaipita Soni, kutoka ni kugumu zaidi, ingawa Bumbuli ina hospitali na bodaboda. Niliwahi kuivunja sheria hii kwa ajili ya rafiki aliyeniomba dakika 20 tu. Tuliingia Korogwe saa 2 usiku, tukifuata mwanga wa simu moja.

Kabla ya haya yote, nendeni Muheza mkapande hadi Amani na kurudi, angalau mara mbili. Ni njia yenye kona kali, inafika karibu mita 900, na itawaonyesha kwa siku moja kama gia zenu na matako yenu yako tayari. Nauli ya baiskeli kwenye basi la kurudi Tanga mpatane na konda kabla hajaifunga juu, gurudumu la mbele mlivue wenyewe, na kigeuza gia cha nyuma kielekee juu, kisilalie mizigo ya watu.