Usiirudishe Ngazi Dukani

Faili langu la kwanza kama mwanasheria wa madai ya bidhaa zenye kasoro lilikuja na picha nne, risiti na cheti cha daktari. Ngazi yenyewe haikuwepo. Mteja alikuwa ameanguka baada ya bawaba ya ngazi ya kukunja kukatika, akavunjika kifundo cha mkono. Ndugu yake, kwa nia njema kabisa, akaibeba ngazi na kuirudisha dukani. Muuzaji akaomba radhi, akampa mpya, na ile iliyovunjika akaitupa nyuma ya duka kusubiri gari la vyuma chakavu. Mimi nilikuwa nimekariri vifungu vyote vya sheria, nikamwandikia mtengenezaji barua kali ya kurasa tatu. Jibu lake lilikuwa la sentensi moja: tuletee bawaba tuikague.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja si "nini kilitokea" wala "umeumia wapi". Ni "kitu chenyewe kiko wapi sasa hivi?" Ukisikia kiko nyumbani, mwambie asikisafishe, asikitengeneze, na hasa asikijaribu tena kuona kama kweli ni kibovu. Watu hupenda sana kujaribu tena. Kifungashio, kijitabu cha maelekezo, namba ya bechi na risiti vikae pamoja nacho. Kama mtengenezaji anataka kukikagua, na ana haki ya kutaka, ukaguzi ufanyike mbele ya mtaalamu wenu, na kama kipimo kitakiharibu, makubaliano ya maandishi yatangulie. Muuzaji akitoa kipya kwa sharti la kuchukua kile kibovu, hapo ndipo mteja anapouza kesi yake bila kujua. Tena soma kila karatasi anayopewa kusaini pale kaunta. Nimeshaona risiti ya kubadilishiwa bidhaa yenye mstari mdogo chini unaosema mteja hana madai mengine yoyote.

Wengi mnafika kwenye kazi hii mkiwa mmeshafundishwa habari ya konokono. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Uskoti, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha kilichomo. Alikuwa amekwisha kunywa kiasi pale soda iliyobaki ilipomiminwa, na kwa maelezo yake yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtu, kwa sababu aliyelipa ni rafiki. Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza likaamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kufanya biashara ana kwa ana. Hilo kila mwanafunzi analijua. Kinachosahaulika ni kwamba konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa. Majaji walijibu swali la sheria tu, wakichukulia kuwa maelezo ya mdai ni ya kweli, kisha shauri likamalizwa kwa maelewano. Kwa hiyo wanasheria wa nusu ya dunia wamesimama juu ya konokono ambaye hakuna jaji aliyemwona. Usitegemee kwamba wewe utapata nafasi hiyo.

Uamuzi ule bado ulimtaka mdai aonyeshe uzembe. Hatua iliyofuata ilikuja Marekani mwaka 1963, katika shauri la Greenman dhidi ya Yuba Power Products. Mume alikuwa amepewa na mkewe zawadi ya mashine ya kazi za mbao. Siku moja akiitumia, kipande cha mti kikaruka na kumpiga kwenye paji la uso. Mahakama ya Juu ya California, kwa kalamu ya Jaji Roger Traynor, ikasema mtengenezaji anayeweka sokoni bidhaa akijua itatumika bila kukaguliwa atawajibika ikithibitika ina kasoro iliyomjeruhi mtu. Uzembe hauulizwi. Ulaya nayo, ikiwa bado na makovu ya dawa ya thalidomide iliyosababisha watoto kuzaliwa na vilema, ilipitisha mwaka 1985, kwa msingi huohuo, mwongozo wake, yaani agizo la kisheria kwa nchi wanachama. Umeona pia kwamba katika mashauri yote mawili aliyeumia siye aliyelipa? Mteja akikuambia "lakini sikununua mimi", usimfungie mlango.

Hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapojikwaa. Mteja ana hasira, nawe una huruma, kwa hiyo hati ya madai inajaa maneno kama "mtengenezaji mzembe asiyejali maisha ya watu". Yanapendeza kusoma. Lakini kama sheria ya nchi yako inakuruhusu kudai kwa msingi wa kasoro peke yake, kwa nini ujitwishe mzigo wa kuthibitisha kilichofanyika ndani ya kiwanda ambacho hujawahi kukanyaga? Ielekeze hati yako kwenye bidhaa na kumwacha mtengenezaji na tabia zake. Uzembe uuweke kama njia ya pili, au pale ambapo ndiyo njia pekee sheria inayokuachia. Nayo madai ya mkataba dhidi ya muuzaji yana mahali pake, mara nyingi kwa ajili ya bei ya kitu kilichoharibika, kwa sababu sheria nyingi za dhima ya bidhaa, yaani wajibu wa kulipia madhara ya bidhaa yenye kasoro, hazilipi thamani ya bidhaa yenyewe. Zinalipa mwili ulioumia na mali nyingine iliyoharibika.

Sasa kasoro ni nini? Kisu kinachokata kidole hakina kasoro, kimefanya kazi yake. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni usalama ambao watu wana haki ya kuutarajia, ukizingatia jinsi bidhaa ilivyotangazwa, matumizi yanayoweza kutazamiwa na wakati ilipoingia sokoni. Mimi hujiuliza swali moja rahisi: bidhaa nyingine za aina hii ziko hivihivi? Kama ni yako peke yake iliyotoka na bawaba yenye ufa, hiyo ni kasoro ya utengenezaji, na kuilinganisha na nzima kutakusaidia sana. Nunua nyingine ya aina ileile kabla haijatoweka madukani. Kama zote ziko hivyo, unapambana na usanifu, na hapo jiandae kwa gharama za wataalamu, kwa kuwa utaulizwa ingeundwaje vingine. Aina ya tatu, kukosekana kwa onyo au maelekezo, ndiyo inayodharauliwa na wanaoanza, ingawa mara nyingi ushahidi wake uko tayari ndani ya boksi. Soma kijitabu chote, katika lugha ambayo mteja alikisoma. Onyo lililoko ukurasa wa 40 kwa herufi za sisimizi, huku picha iliyo juu ya boksi ikionyesha mtu akifanya kilekile kilichokatazwa, hilo ni jambo la kumwonyesha jaji.

Kuna nyakati ambapo huhitaji hata kusubiri kitu kiharibike. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, kuhusu vifaa vinavyopandikizwa mwilini kurekebisha mapigo ya moyo, kwamba kundi la vifaa likiwa na uwezekano wa kasoro, kila kifaa cha kundi hilo kinaweza kuhesabiwa kuwa na kasoro bila kuthibitishwa kimoja kimoja. Mantiki yake haina ubishi: huwezi kumwambia mgonjwa asubiri kifaa kisimame ndipo aje mahakamani.

Kuunganisha kasoro na jeraha ni kazi nyingine kabisa, na huanzia kwenye chumba cha daktari. Mteja wangu wa ngazi alimwambia daktari "nimeanguka", basi. Daktari akaandika "ameanguka". Upande wa pili ulilishikilia neno hilo kama ruba. Mteja ambaye bado anatibiwa mwambie aeleze kitu gani kilivunjika na kilivunjika vipi, naye daktari aandike hivyo.

Kuhusu nani wa kudaiwa, usimalizie kwenye jina lililobandikwa juu ya bidhaa. Katika shauri la MacPherson dhidi ya Buick, New York, mwaka 1916, gurudumu la mbao lililosambaratika lilitengenezwa na kampuni nyingine, lakini aliyeunda gari ndiye aliyewajibika kwa kutolikagua. Mtengenezaji akiwa ng'ambo, tazama mwagizaji. Muuzaji naye mwandikie mapema akutajie aliyemuuzia. Katika sheria za namna ya Ulaya, asipomtaja kwa muda unaofaa anaweza kusimama yeye mahali pa mtengenezaji.

Kalenda iangalie siku ileile unayofungua faili. Mfumo wa Ulaya unatoa miaka 3 ya kufungua madai tangu mdai alipojua, au alipopaswa kujua, madhara, kasoro na mhusika, lakini kuna ukuta wa miaka 10 tangu bidhaa ilipoingia sokoni. Mtu aliyeumizwa na mashine ya miaka 11 anaweza kukuta haki yake imekufa kabla yeye hajaumia. Mwongozo mpya wa mwaka 2024, utakaohusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, unarefusha ukuta huo hadi miaka 25 kwa majeraha yanayochelewa kujitokeza, na unaihesabu programu ya kompyuta kuwa bidhaa. Kwa hiyo kwenye kifaa kinachojisasisha chenyewe kupitia intaneti, ule ushauri wa "usikiguse" unapata maana mpya: kiondoe kwenye mtandao kabla sasisho halijafuta toleo lililokuwepo siku ya ajali.

Shauri la ngazi lilimalizwa kwa mazungumzo. Mtengenezaji alilipa gharama za matibabu na sehemu ya mshahara uliopotea, na mkono ambao haukurudi kama zamani hakuulipa chochote. Ile ngazi mpya mteja hakuitaka nyumbani kwake. Iko hapa ofisini, imeegemea kabati la mafaili ya zamani, na mpaka leo hakuna aliyeipanda.