Dracula ipi imefuata kitabu?

SWALI: Mambo kaka mhariri, nimemaliza kusoma Dracula ya Bram Stoker juzi, sasa nataka muvi inayofuata kitabu kabisa, sio hizi za kubadilisha badilisha. Kuna mshkaji kaniambia niangalie ya mwongozaji Coppola, eti ina jina la mwandishi kabisa. Ni kweli?

JIBU: Poa dada. Mshkaji hajakosea sana ila jina lisikuzuzue. Ile ya Coppola ya 1992 ina wahusika karibu wote wa kitabuni, shajara na barua zimo, lakini yale mapenzi ya Dracula na Mina, eti mkewe wa zamani kazaliwa upya, hayo Stoker hakuandika, kitabuni jamaa ni jinamizi tu linanyonya watu damu basi. Wewe tafuta Count Dracula ya BBC ya 1977, Louis Jourdan ndo Dracula, ni kama masaa mawili na nusu hivi na kwa macho ya leo picha zake zimechakaa, lakini inaenda na kitabu mpaka raha, hata Whitby, ule mji wa Uingereza wa kitabuni, walienda kushuti kulekule. Kasoro zipo, Mina na Lucy, ambao kitabuni ni marafiki tu, wamefanywa ndugu na wachumba wawili wa Lucy wameunganishwa wakawa mtu mmoja (hii iliniudhi kweli). Halafu ile ya jua kumuua vampaya imetoka kwenye muvi ya Nosferatu ya 1922, kitabuni Dracula anatembea London mchana kweupe na mwisho anauawa kwa visu.