Usilipie shotigani ambayo haijagusa bega lako

Mkuu, Ijumaa usilipe. Soma tena ulichoandika. Upo Masasi, kibali kimetoka, unataka shotigani moja tu, bunduki ya marisau inayorusha punje nyingi kwa mpigo, ya kuchapa sahani za udongo zinazorushwa hewani na wenzako na mara mojamoja kwenda na leseni ya uwindaji kutafuta kanga na kwale. Umeuliza pampu, ile ya kukoki kwa kuvuta mkono, au mitutu miwili, geji (upana wa mtutu) 12 au 20, choki gani, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, na mtutu wa urefu gani. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, unasema muuzaji wa Dar kakutumia picha na kakuhakikishia kwamba "hii inamkaa kila mtu". Hapo nimeiacha chai yangu ikapoa. Hakuna bunduki ya marisau inayomkaa kila mtu, na anayekwambia hivyo anataka kufunga duka mapema.

Raifo isiyo na darubini ina alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele. Shotigani nyingi zina kishanga kimoja tu mbele ya mtutu. Alama ya nyuma ni jicho lako, na jicho linakaa pale shavu linapolala juu ya kitako, ule mti wa nyuma unaoegemea bega. Kitako kikikukosea, umelenga kwa alama iliyopinda na hakuna wa kukuonyesha. Mgongo wa kitako ukipanda au kushuka milimita moja na nusu, kundi la punje linahama kama sentimita mbili na nusu kwenye mita 15. Hesabu mwenyewe kanga akiwa mita 35 na anazidi kukimbia.

Mimi nilinunua msimu ule korosho zilipolipa vizuri. Fedha ya mnada ilipoingia nikapanda basi kutoka Nachingwea hadi Dar, nikaingia dukani na barua zangu zote. Mimi ni mtu wa mita 1.62. Muuzaji alinitazama, akaniona nilivyo, akanikabidhi mitutu miwili ya juu na chini yenye kitako cha sentimita 37. Nikamwambia mbona mkono unavutika kufikia kifyatuo. Akajibu neno moja: "Utaizoea."

Utaizoea! Kiatu namba 44 kwa mguu wa 40 mtu hakizoei, anapata malengelenge. Yule bwana alikuwa na tepu mezani, alipimia mkanda wa begi langu, mkono wangu hakuupima. Nina hasira naye mpaka leo kwa sababu alijua. Mtu anayeuza silaha miaka yote hiyo hawezi kusema hakujua.

Kilichofuata ndicho nakitaka ukisome polepole. Ukiinua bunduki yenye kitako kirefu kwa haraka, kisigino chake kinanasa kwapani kwenye shati. Ukikivuta kitoke, kinaishia kwenye musuli wa mkono badala ya kukaa mfukoni mwa bega. Shavu nalo linalala nyuma zaidi, ambako mgongo wa kitako umeteremka, jicho linashuka, punje zinapita chini ya sahani. Nikaona napiga chini, nikaanza kunyanyua kichwa ili nione vizuri. Sasa zikapita juu. Kati ya sahani 25 nilikuwa navunja saba, nane, na kila siku nakosea kwa namna tofauti, kwa hiyo sikuweza hata kujua narekebisha nini.

Rafiki mmoja, mtu mzuri, akanishauri risasi nzito. Wapiga sahani wa Olimpiki wanatumia risasi ya gramu 24 za punje. Mimi nikahamia za gramu 36, kwenye bunduki nyepesi, kwenye kitako kisichonikaa. Mkono ukawa na rangi ya zambarau kuanzia bega hadi kiwiko. Mke wangu aliona nikivua shati, akaniuliza nimegombana na nani. Nikaanza kufumba jicho kabla ya mlio. Huo ugonjwa, mkuu, ukikuingia hautoki kwa wiki moja. Ilinichukua miezi minne kuuondoa, na msimu mzima wa kanga ulipita nikiwa narudi na mikono mitupu, wakati vijana wa Liwale niliofuatana nao wanagawana nyama.

Utasema si ungeirudisha? Leseni imeandikwa namba ya bunduki ileile. Kubadilisha maana yake ni kuanza upya na ofisi zote ulizozunguka. Na kitako chenyewe huwezi kumpelekea fundi yeyote. Kwetu kuna wachongaji wa vinyago ambao mpingo mikononi mwao ni kama sabuni, wangekikata kwa nusu saa na kukipiga msasa uone uso wako. Lakini silaha haiachwi kwa mtu asiye na kibali, hata kama ni mjomba wako. Nikatoa taarifa polisi, nikarudi Dar kwa fundi wa silaha anayetambulika. Yule mzee hakuniuliza aina wala bei. Akaniambia: kunja kiwiko. Akapima kutoka kunjo la kiwiko hadi kidole cha shahada, akakata sentimita mbili na nusu, akarudisha mpira wa nyuma. Kazi ya asubuhi moja. Wiki iliyofuata nilivunja sahani 17.

Na wale watakaokuja hapa kuandika kwamba babu zetu walipiga kwa gobole bila vipimo: babu alikichonga kitako cha gobole mwenyewe, kwa kimo chake, akakijaribu begani, akapunguza, akajaribu tena. Alipima kuliko sisi tunaonunua kwa picha.

Kwa hiyo panda basi. Vaa shati lile utakalopigia, usiende na koti. Dukani mwombe aifungue uone haina kitu ndani, kisha tazama alama moja ukutani, fumba macho, iinue hadi shavuni kama unavyoinua siku zote, halafu fumbua. Jicho linatakiwa liwe limekaa sawa juu ya reli ya mtutu, kishanga kipo mbele yake, bila wewe kusogeza kichwa. Rudia mara kumi. Kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa kifyatuo ibaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Ukilazimika kunyoosha shingo hata mara tatu kati ya kumi, iache hapohapo mezani, hata kama muuzaji amekasirika, hata kama ni nzuri kama bibi harusi. Ikiwa refu kidogo na vingine vyote vinakubali, mwambie gharama ya kukata iingie kwenye bei kabla hujalipa. Kukata ni rahisi, kurefusha fupi ni kazi zaidi.

Pampu au mitutu miwili? Inayokukaa. Kwa geji chukua 12, maana ndiyo risasi utakazozipata bila kuhangaika huku kusini, na zipo nyepesi za sahani na nzito za kuwindia. Isiwe nyepesi sana, kilo tatu na robo hivi inakulinda bega.

Nyamaza na huyo wa picha mpaka umejipima. Jumamosi nipo Masasi mnadani, nitabeba tepu. Kunja kiwiko tu, dakika mbili, uende Dar ukijua namba yako kabla hajafungua mdomo.